Tulianza 46

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya mahafali, na risala ilikuwa bado haijaandikwa hata mstari mmoja.

Tulibaki darasani baada ya masomo. Madawati tulikuwa tumeyasogeza ukutani, wengine wamekaa juu yake, wengine chini, wengine wamesimama mlangoni kama wanaoondoka, ila hawaondoki. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu tangu mwaka wa pili kila jambo la darasa lililohitaji kuandikwa lilikuwa likiniangukia mimi: orodha ya zamu za usafi, barua za kuomba ruhusa, kadi za pole.

"Haya, tajeni," nikasema. "Miaka minne. Tunakumbuka nini?"

"Dirisha! Anza na dirisha!"

Hakuna aliyeuliza dirisha lipi. Mwaka wa pili kioo kilivunjika, mwalimu akataka kujua nani kakivunja, darasa zima likakaa kimya, na darasa zima likabakizwa baada ya masomo siku nne mfululizo. Hakuna aliyemtaja mwenzake. Hadithi hiyo tumeisimulia mara nyingi mno, hata ambao hawakuja shule siku ile huisimulia kama waliokuwepo.

Baada ya dirisha maneno yakamwagika. Mvua iliyoingia darasani tukarundika mabegi juu ya kabati. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa akiandika ubaoni ametupa mgongo, na bado anamjua anayenong'ona. Jaribio la kemia lililotutoa wote nje tukikohoa. Nilikuwa naandika, nacheka, nafuta, naandika tena.

Kisha mtu niliyekaa naye dawati moja mwaka wa kwanza, mtu asiyefungua mdomo mpaka awe na la kusema, akagusa sakafu kwa ncha ya kiatu, pale chini ya dirisha.

"Na yule aliyekuwa anakaa hapa?"

"Nani?"

"Yule aliyeondoka."

"Walioondoka si mmoja," kiranja akajibu. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anatazama saa. "Asiyekuwepo na lake halipo. Tuendelee, giza linaingia."

Tukaendelea. Na mimi, kwa mwandiko wangu unaosomeka, nikaandika: Tulianza pamoja, na leo tunamaliza pamoja.

Siku ya mahafali hiyo ndiyo sentensi iliyopigiwa makofi kuliko zote.

Hii ni wiki ya saba, na makofi yale hayajanitoka masikioni.

## Mstari mwekundu

Wiki moja baada ya mahafali nilirudi shuleni kurudisha vitabu viwili vya maktaba nilivyokuwa nimevisahau nyumbani. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa peke yake ofisini, anapanga makabati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaanza kuikumbuka shule?"

Nikamwomba anionyeshe rejista zetu. Hakuniuliza za nini. Akainama mpaka rafu ya chini kabisa, akazitoa zote nne zimefungwa kwa kamba moja, akazipangusa vumbi kwa kiganja na kuniwekea mezani.

Ya mwaka wa kwanza ilikuwa na jalada gumu lililopauka, pembe zimechakaa. Ndani, majina kwa wino wa bluu, na mbele ya kila jina mlolongo wa miraba midogo: alama ya mkwaju kwa aliyehudhuria, duara kwa aliyekosa. Nikahesabu majina kwa kidole. 46. Nikahesabu tena kuanzia chini kwenda juu. 46.

Tumehitimu 41.

Katika rejista zote nne, majina matano yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu, kila moja kwa wakati wake. Mstari ulionyooka, wa rula. Sijui kwa nini rula ile ndiyo iliyoniuma. Labda kwa sababu mtu huchukua rula akiwa na utulivu. Baada ya mstari, miraba mitupu mpaka mwisho wa ukurasa.

Jina la yule wa chini ya dirisha lilikuwa katika rejista ya mwaka wa pili. Katika safu yake, duara zilianza moja moja, mbalimbali. Kisha zikaanza kukaribiana. Kisha zikawa mbili mbili, tatu tatu. Kisha mstari. Angeutazama mtu ukurasa ule wakati ule, angemwona anaondoka wiki nyingi kabla hajaondoka. Sisi tulikuwa tumekaa hatua chache kutoka kwake na hatukuona kitu.

Nilipolisoma jina lake, sura yake ilikuja papo hapo. Na haikuja sura tu. Nilimwona akichonga penseli kwa kipande cha wembe, polepole, na maganda yake akiyapokea kwenye karatasi aliyoikunja mfano wa bahasha, asichafue sakafu. Akimaliza, aliikunja ile karatasi mara mbili na kuitia mfukoni. Kila siku. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kila siku kwa mwaka mzima na zaidi, na lilikuwa limelala kichwani mwangu bila kunisumbua.

Katika majina mengine manne, mawili yalikuja na sura. Mawili hayakuja na chochote. Nilinong'ona moja lao mara tatu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Hola.

Mwalimu alikuwa ameacha kupanga makabati. "Risala yako ilikuwa nzuri," akaniambia.

Nikamshukuru, nikaifunga rejista.

## Niliamini 41 ni wengi

Mtu anaweza kusema: risala ni risala. Nilimpigia simu kiranja, akaniambia hivyo hivyo. "Ulitaka tusimame mbele ya wazazi tuanze kuhesabu walioondoka? Watu walikuja kufurahi, ndugu yangu." Na sehemu ya maneno yake ni ya kweli. Dakika tano za jukwaani hazitoshi hata kwa waliokuwepo. Na tena, aliyeondoka shule ana sababu zake, na huenda hataki jina lake lisomwe kwenye kipaza sauti mbele ya watu mia kadhaa. Hilo lilinizuia siku nyingi nisiandike makala hii.

Lakini kilichonisumbua hakikuwa kutotajwa. Ni kwamba wakati naandika ile sentensi sikujua kuwa nasema uongo. Niliiandika kwa moyo mweupe. Nikataka kuelewa jambo kama lile linawezekana vipi.

Nilikuwa nimeamini kwamba vichwa 41 vikikaa pamoja vitakumbuka zaidi kuliko kichwa kimoja. Ni kweli vinakumbuka zaidi ya kimoja. Lakini mwaka 1997 watafiti wawili, Weldon na Bellinger, walilinganisha watu watatu wanaokumbuka wakiwa wamekaa pamoja na watu watatu wanaokumbuka kila mmoja peke yake, kisha majibu ya hao wa pili yakajumlishwa. Waliokuwa peke yao ndio waliookoa mengi zaidi. Wengine waliorudia majaribio ya namna hiyo wameyakuta hayo hayo. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba kila mtu ana uzi wake wa kukumbukia: mimi nafuata madawati, wewe unafuata misimu, yule anafuata vicheko. Mwenzako akianza kusimulia kwa uzi wake, wako unakatika, na lile lililokuwa njiani linarudi lilikotoka.

Niliposoma hivyo nikaikumbuka jioni ile. Kabla ya kelele kuanza nilikuwa na jambo mdomoni, sikumbuki lipi. Mtu akapaza sauti, "Dirisha!" Likapotea.

Kuna la pili, na hili ndilo lililonikalisha. Mwaka 2007 Cuc, Koppel na Hirst walionyesha kwamba mtu anaposimulia sehemu tu ya jambo, si yeye peke yake anayeanza kusahau sehemu iliyobaki. Hata msikilizaji anaisahau. Na kinachofifia zaidi ni kile kilicho karibu na kilichosimuliwa, kile kilichostahili kutajwa pamoja nacho kikarukwa.

Kila tulipolisimulia dirisha, tulikuwa tunamfuta aliyekaa chini yake.

Na muda wenyewe ni huu. Wanaochunguza kumbukumbu za watu wenye umri mkubwa wamekuta mara kwa mara kwamba ukimwomba mzee ataje mambo ya maisha yake, yanayorudi kwa wingi ni yale ya kati ya miaka 10 na 30 hivi. Kwa hiyo miaka hii minne tutakuwa nayo mpaka uzeeni. Tutaisimulia kwa wajukuu. Ile risala niliyodhani ni ya dakika tano ndiyo rasimu ya kwanza ya hadithi tutakayoizeekea, na nilikuwa nimeiandika na watu watano pungufu.

## Karatasi

Nikaandika katika kundi letu la simu: naomba kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa anayoyakumbuka. Peke yake. Asimwonyeshe mwenzake, asiulize, asitie jina. Anipe karatasi yenyewe au picha yake.

Wengine walidhani ni kwa ajili ya kitabu cha darasa. Wengine hawakujibu. Zilirudi karatasi 19.

Nilizisoma usiku mmoja, sikuweza kuziweka chini.

Karibu zote zilitaja dirisha. Katika moja lilivunjika asubuhi, katika nyingine jioni. Lilipigwa na mpira, na kiwiko, na begi lililorushwa. Wawili walisema wanamjua aliyelivunja, na kila mmoja alikuwa na mtu wake. Hayo sikuyajali sana. Ukiwauliza watu 19 jambo moja utapata majibu 19.

Niliyoyajali ni haya. Watatu, kila mmoja kwa maneno yake, waliandika kwamba hawakunyamaza kwa ajili ya umoja. Mmoja aliweka hivi: "Sikuwa namlinda mtu. Niliwaogopa nyinyi."

Na mwingine, kwa mwandiko mdogo unaoegemea kushoto, aliandika kwamba nyumbani kwao ni mbali, na siku zile nne alifika usiku. "Siku ya tatu mama alinifuata mpaka lango la shule. Hakuingia. Alisimama tu nje, anangoja. Kila mkisimulia dirisha na kucheka, na mimi nacheka, lakini ninachokiona ni mama amesimama langoni."

Huyo tumecheka naye miaka miwili.

Niliiweka ile karatasi mezani nikatoka nje, nikakaa kizingitini. Nilijiuliza ni mangapi kati ya yale tunayoyaita "yetu" yalikuwa ya wachache wenye sauti, na wengine wetu tukayavaa kwa sababu ndiyo sare iliyokuwepo. Mwaka 1925 Maurice Halbwachs, mwanasosholojia wa Ufaransa, alishikilia kwamba mtu hakumbuki peke yake. Hukumbuka akiwa ameegemea watu walioishi naye. Nadhani ni kweli. Ila aliyeegemea ukuta hawezi kuusukuma wala kuulalamikia. Anacheka pamoja na wengine hata pale panapomuuma, kwa sababu ndiko kila mtu aliko.

## Karatasi ya 14

Sikuwa nimezipa namba. Nilizipa baadaye, baada ya hii.

Ilikuwa fupi kuliko zote. Mistari sita. Mistari mitano ya kwanza ilisema mambo ya kawaida, walimu, mitihani, mvua. Wa sita ulisema:

"Siku yule wa dirishani aliposimama kusoma kwa sauti akakwama kwenye neno, aliyecheka wa kwanza ni mwandishi wetu wa risala."

Nikausoma tena.

Mimi sikumbuki.

Nimetafuta. Nimekaa nimefumba macho nikatengeneza darasa lile kipande kwa kipande, ubao, ramani ukutani, saa iliyosimama. Namkumbuka akikwama kwenye maneno, ndiyo. Alikuwa na kigugumizi kilichomshika zaidi akiwa amesimama. Nakumbuka darasa likicheka. Kicheko changu mwenyewe hakimo. Katika kumbukumbu yangu mimi nimeinamisha kichwa, namwonea huruma. Hata hivyo ndivyo ningependa kuwa nimefanya, na hapo ndipo ninapoanza kuishuku.

Mwaka 1996 Harry Bahrick na wenzake waliwaomba wanafunzi 99 wa chuo wataje alama walizopata sekondari, kisha wakalinganisha na kumbukumbu za shule. Zilikuwa alama 3,220. Walizozikumbuka sawasawa ni asilimia 71. Lakini ukizitenganisha, picha inageuka: A walizikumbuka kwa usahihi kwa asilimia 89, na D kwa asilimia 29. Na walipokosea, mara nyingi walikosea kwa kupanda, si kwa kushuka. Si lazima iwe walidanganya. Huenda ndivyo zilivyokuwa zimekaa vichwani mwao.

Alama za masomo zina mahali zilipoandikwa. Mtu akitaka kujua D zake atakwenda kuzitazama. Ila mwenendo wangu kwa wenzangu hauna rejista. D zangu za namna hiyo wanazo wengine. Mojawapo iko kwenye karatasi ya 14.

Sijui nani aliiandika na sitaki kujua. Niliomba wasitie majina, na huyo ndiye aliyelitumia ombi langu vizuri kuliko wote.

## Namba

Nilikaa na jambo hilo siku tisa. Kumtafuta, nisimtafute? Sikutaka kwenda kumtwika mzigo wangu mtu aliyeshautua wake zamani. Kama amesahau, kwa nini nimkumbushe? Kama hajasahau, ana haki ya kutoniona tena.

Kuna utafiti mwingine wa Bahrick, wa mwaka 1975, ambao watu wanaupenda kwa sababu unatia moyo. Watu 392 walipimwa kuhusu wanafunzi wenzao wa sekondari, wengine wakiwa wametoka kuhitimu, wengine wakiwa wamehitimu miaka 48 nyuma. Walipoonyeshwa picha, waliwatambua wenzao kwa kiwango cha asilimia 90 hivi, hata baada ya miaka zaidi ya 30. Walipotakiwa kutaja majina bila msaada wowote, walipata machache. Maana yake sura haziondoki, zinangoja kuamshwa. Ndivyo ilivyonitokea kwenye rejista.

Lakini picha zile zilitoka kwenye vitabu vya mwaka vya shule. Na kitabu cha namna hiyo kina sura za waliokuwepo siku ya kupiga picha.

Sisi tumepiga picha yetu. Tuko 41, safu nne, walimu katikati. Nimeichapisha, iko ukutani. Baada ya miaka 30 mtu akiniuliza hawa ni nani, nitawatambua. Hakuna atakayeniuliza kuhusu asiyekuwemo.

Siku ya kumi nikampigia yule aliyegusa sakafu kwa kiatu. Nikamwambia natamani kumpata yule wa dirishani lakini sijui nianzie wapi.

"Namba yake ninayo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu alipoondoka. Huwa tunasalimiana."

"Mbona siku ile hukusema?"

Akanyamaza kidogo. "Nilisema. Nilisema, na yule aliyekuwa anakaa hapa. Hamkuniuliza la pili."

## Ukurasa wa 20

Nilimwandikia ujumbe. Ulinichukua jioni nzima. Nilimweleza risala, rejista, karatasi. Nilimweleza ya karatasi ya 14 kama ilivyoandikwa, nikamwambia mimi mwenyewe sikumbuki lakini naamini aliyeandika, na naomba radhi. Nikamwambia pia kwamba halazimiki kujibu, na kama atapenda, nafasi ya ukurasa wake ipo pamoja na ya wenzake.

Siku kumi na moja kimya.

Siku ya kumi na mbili zikaja picha mbili, mbele na nyuma ya karatasi moja. Ameandika kwa penseli iliyochongwa vizuri. Herufi nyembamba, hazitetemeki popote.

Hakuandika neno kuhusu kicheko. Sijui kama amekisahau, au amenisitiri, au hakiko miongoni mwa mambo anayotaka kuzungumza nami. Nilisoma mara nyingi nikitafuta kati ya mistari, kisha nikaacha. Si haki yangu kukamua.

Aliandika kwamba kutoka pale alipokaa aliona kivuli cha mti kikitembea ukutani, na kikifika kwenye ramani alijua kipindi cha mwisho kimeanza. Kwa hiyo yeye hakuhitaji saa, hata saa ilipokufa. Katika karatasi zote 19 hakuna mwenye kivuli hicho. Sote tulikuwa tumetazama ubaoni.

Aliandika kwamba mabegi yalipopandishwa juu ya kabati siku ya mvua, la kwake lilisahaulika chini, na madaftari yake akayaanika siku mbili.

Aliandika kuhusu kioo.

"Kilikuwa na ufa tangu muhula uliotangulia. Upepo ulisukuma dirisha likajibamiza, kikaanguka. Hakuna aliyekivunja. Mimi ndiye niliyekuwa chini yake, niliona. Mwalimu alipouliza nilitaka kusema, lakini kusimama na kusema mbele ya darasa ilikuwa kazi kubwa kwangu wakati ule."

Hivyo tu. Kisha akaendelea na jambo lingine.

Siku nne tulibakizwa. Mama wa mtu akasimama langoni. Tukajitungia hadithi ya umoja na kuipeleka jukwaani. Na mtu mmoja aliyekuwa na jibu alikuwa amekaa katikati yetu, hathubutu kufungua mdomo mbele yetu. Hakuandika ni kwa nini ilikuwa kazi kubwa. Sababu moja naijua.

Nilimwandikia kiranja nikamtumia sehemu hiyo, kwa idhini ya mwenyewe. Alikaa muda mrefu anaandika, anafuta, anaandika. Mwisho akatuma: "Tulikuwa watu gani sisi?" Baada ya saa moja akatuma tena: "Niombee namba yake."

Nakala ya risala iliyobaki kwangu nimeirekebisha. Ile sentensi nimeikata. Kwa mkono, bila rula. Juu yake nimeandika: Tulianza 46. Bado sijui sentensi inayofuata iweje, na sijailazimisha.

Nyuma ya karatasi yake, ile picha ya pili, sikuitazama mpaka siku iliyofuata. Nilidhani ni maandishi yaliyopenya kutoka mbele. Si hivyo. Ni orodha. Ameandika majina ya wale wengine wanne, kila moja kamili, la pili na la tatu kama yalivyo kwenye rejista ambayo hajaiona. Wawili kati yao waliondoka kabla yake. Wawili waliondoka baada yake, naye anawajua pia.

Mbele ya kila jina ameandika mahali mtu huyo alipokuwa akikaa. Mlangoni, safu ya tatu. Karibu na kabati. Mbele kabisa, chini ya saa.

La nne ni lile jina nililolinong'ona mara tatu ofisini na sura isije. Mbele yake ameandika maneno mawili.

Nyuma yako.